Darubini ya 8x42: nimeipima kwa kozi

Mtu akitaka kununua darubini, swali la kwanza huwa: inakuza mara ngapi? Kwa ndege aliyetua akatulia, sawa. Mimi ninayemfuatilia ni kozi, yule ndege mwindaji aitwaye kisayansi Falco peregrinus, na kwake swali hilo nimeliweka la tatu. La kwanza ni upana wa eneo unaloliona, la pili ni wepesi wa gurudumu la katikati la kurekebisha picha.

Hii yangu inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42. Kwa umbali wa mita 1,000 inaonyesha eneo lenye upana wa mita 130 hivi, kwa hiyo nikisimama mita 300 kutoka jabalini napata mita 39. Sasa piga hesabu. Kozi akijitupa kutoka juu huweza kupita kilomita 300 kwa saa, yaani zaidi ya mita 80 kwa sekunde. Akikatiza mbele yako kwa mwendo huo, hamalizi nusu sekunde ndani ya duara. Niliazima ya 10x42 nilinganishe: mita 33 tu, na mkono ukitikisika kidogo picha yote inacheza. Nikabaki natazama anga tupu. Niliirudisha kwa mwenyewe bila majonzi.

Kwa hii ya 8 nimeona mawindo yakianza hadi kuisha. Siri ni kutomtafuta yeye. Nawatazama njiwa. Kundi likijikusanya ghafla na kuanza kupinda huku na huku, jua yuko juu yao. Unapandisha darubini, unamkuta jike (ndiye mkubwa, dume humpungukia hata theluthi) akipiga mabawa harakaharaka, halafu anayabana mwilini na kushuka. Hapo gurudumu ndipo linapoonyesha thamani yake, maana umbali unabadilika kila mara na kidole hakina muda wa kuzungusha mara tatu. Langu linatosheka na mzunguko mdogo. Makucha yanampiga njiwa hewani, manyoya yanatapakaa, naye anageuka kumdaka kabla hajafika chini. Akishatua humkata uti wa shingo kwa kijino kilicho ukingoni mwa mdomo wa juu. Kijino chenyewe darubini hii hainionyeshi kwa umbali huo. Hilo ni la teleskopu na stendi yake, tusiionee.

Mwanga wa alfajiri inaumudu vizuri: ile sharubu nyeusi ya shavuni na duara la njano kuzunguka jicho vinatofautika mapema. Jua likipanda, kozi akiwa juu ya anga jeupe, lenzi zinauchorea ukingo wa bawa mstari wa zambarau. Si mkubwa, lakini ukishauona mara moja huachi kuuona.

Kiotani ndipo inapostarehe. Kiota ni jina tu, kwani kozi hajengi. Huparua kokoto kwenye ukingo wa mwamba, akataga mayai matatu au manne na kuyaatamia kama mwezi mmoja. Miaka ya DDT, ile dawa ya kuulia wadudu, maganda ya mayai hayo yalikuwa membamba kiasi kwamba yalivunjika chini ya mama. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na kozi akaondolewa kwenye orodha yao ya walio hatarini mwaka 1999. Makinda wakishaanza kuruka, mzazi huja na windo na kuliachia hewani, wao wakalikimbilia. Duara pana linawabeba wote kwa pamoja, mtoaji na wagombaniaji. Kwangu raha hiyo pekee imelipa gharama yote.

Kasoro zipo. Vifuniko vya lenzi vinadondoka ovyo, nimeshavitoa kabisa. Mkanda wa shingo ni mwembamba na unakata. Nimeweka wa mabegani, na shingo imepona. Asubuhi za baridi gurudumu linakuwa zito, ulizungushezungushe kidogo kabla ya kuanza kazi. Wavaa miwani wasivute vile vikombe vya macho, wavibonyeze ndani, la sivyo nusu ya upana ninaousifu hapa itawapotea.

Ikiwa ndege zako ni bata waliotulia mbali majini, chukua ya 10.