Misitu ya Ufini: kufyeka eneo zima au kuvuna kwa kuchagua?

Tangu sheria ya misitu ya Ufini ilipolegezwa mwaka 2014, mwenye msitu anaweza kuchagua kwa uhuru kati ya kufyeka miti yote ya eneo na kuvuna baadhi tu kwa kuchagua. Ufyekaji huirahisishia mashine kazi, na msonobari, mti upendao jua, huchipua vizuri penye uwazi. Lakini katika ardhi oevu iliyochimbiwa mifereji, ambako watafiti wa Luke, taasisi ya utafiti wa maliasili ya Ufini, hupima kina cha maji kwa mabomba yaliyosimikwa udongoni, miti inapoondolewa yote maji hupanda, na mifereji ikichimbuliwa tena ili kuyaondoa, tope na virutubisho huishia maziwani. Miti iliyobakizwa huendelea kuyanyonya maji hayo. Kwa hiyo huko, kwa maoni yangu, kuvuna kwa kuchagua ndiko kunakofaa.