Kampuni ya kutembeza wageni Torino: nendeni makumbusho, ila msiende na hawa

Naanza na lililoniudhi maana bila hilo nisingeandika. Yule mwongoza wageni alinifunika kamera ya simu kwa kiganja chake, naongea na baba yangu mzazi, akaniambia hapa si sokoni. Mzee akasikia. Kiitaliano hakijui lakini mtu akifoka anafoka tu, akaniuliza mwanangu kuna nini, nikamwambia hamna kitu baba, network. Yaani nimemdanganya mzee wangu kwa ajili ya mtu niliyemlipa kwa hela yangu.

Mi naishi huku kaskazini mwa Italia miaka kadhaa sasa, mzee yupo Tanga, alikuwa seremala wa bodi za malori, zile za mbao. Tangu nimsimulie habari za Itala ya 1907 hajatulia. Ndo ile gari Prince Scipione Borghese, Mwitaliano, aliitoa Peking (Beijing ya leo) mwezi wa sita kwenye mbio za magari akaifikisha Paris tarehe 10 Agosti, yeye na mwandishi Luigi Barzini na fundi wao Ettore Guizzardi, ikavutwa kwa kamba milimani China, ikaenda chini na daraja la mbao Siberia, ikatolewa, ikaendelea. Mzee hayo wala. Kilichomkaa ni gurudumu. Yalikuwa ya mbao, moja likavunjika huko ndani Urusi, fundi wa mikokoteni wa kijijini akalitengeneza upya kwa shoka. Kwa shoka tu? Bila tezo? Kaniuliza hilo sijui mara ngapi.

Gari lenyewe lipo Museo Nazionale dell'Automobile, Torino, nikasema safari hii atajionea mwenyewe kwenye video. Nikaona nilipie na mwongozaji kabisa nisije nikakosa kitu. Kosa.

Mbele ya Palombella, Itala ya Malkia Margherita wa Italia, tulisimamishwa mpaka miguu ikauma, malkia hivi, malkia vile, sawa, gari ni zuri kweli, lile limetengenezwa ili mtu mkubwa aonekane amekaa. Ila jamani kiwanda ni kile kile kilichobeba ushindi wa mbio za kwanza za magari za Targa Florio 1906, Alessandro Cagno kwenye usukani, na ile ya Peking imetoka mikono hiyo hiyo, iko wazi juu, viti vitupu na matangi, na hiyo ndo tulipewa dakika chache! Nikampigia mzee haraka haraka, akaniambia nisogezee hapo spoki inapoingia kwenye kitovu, nikainama, ndo kiganja kikaja. Mlinzi wa makumbusho alikuwa pale pale, hakusema neno. Simu ilimkera yule tu.

Nisimwonee, kazi anaijua. Kisa cha Guizzardi sikuwahi kukisikia, kwamba treni ilianguka karibu na kwa Borghese, baba yake akafa pale, kijana akachukuliwa na Borghese mpaka akawa fundi wake. Alikisimulia vizuri, mama mmoja kwenye kundi akafuta machozi, na mimi pale pale nilishaamua nyota nne. Na ndo kinachozidi kuniuma, mtu anajua kuwaliza watu kwa habari ya mtoto na baba yake halafu haipiti hata robo saa anamfokea mtoto mwingine na baba yake. Labda kundi la nyuma lilikuwa linasubiri, labda alikuwa na siku mbaya. Basi nyota mbili. Hapana, hata mbili nyingi, angeniambia kwa adabu ningekata simu. Moja, na hiyo moja ni ya Guizzardi.

Kesho yake nikarudi peke yangu, tiketi tu, hakuna wa kunisukuma. Nikampigia. Mzee alikagua magurudumu yote manne, moja moja, rudi kushoto, shuka, hapo hapo usitikise mkono, muda wote ananieleza mbao ikikauka kwenye jua inavyolegea na spoki kuanza kucheza. Nikampeleka na kwa Palombella, akaiangalia kidogo akasema nirudishe kule. Mwisho akanyamaza, nikadhani safari hii network kweli.

Akasema, na yule aliyekuwa anakufokea jana, leo yupo?