Piwi au Aub na Ago3, nani anazima transposoni vizuri zaidi?

Wengi wakisikia piRNA (vi-RNA vidogo vinavyoongoza protini kama Piwi, Aub na Ago3 kuzima transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyohamahama kwenye jenomu) wanadhani ni njia moja tu, kumbe kwenye seli za uzazi za nzi wa matunda ziko mbili na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya Piwi. Huyu anakaa ndani ya kiini cha seli na ka-RNA kake ka herufi kama 23 mpaka 29, akikuta transposoni ndo inaanza kunakiliwa anaita wenzake, wanaweka alama ya kemikali iitwayo H3K9me3 kwenye histoni (protini ambazo DNA imezizungukia), DNA inajibana pale, imefungwa kufuli. Hakati kitu.

Aub na Ago3 wako nje, kwenye saitoplazimu pembeni ya kiini, na hawa ni visu kweli. Aub anakata RNA ya transposoni, kipande kinachukuliwa na Ago3, naye anakata RNA ya upande wa pili inayotoka kwenye klasta za piRNA (sehemu za DNA zinazozalisha piRNA), inapatikana silaha mpya ya Aub, yaani piRNA mpya, mzunguko unaanza upya, ndo maana unaitwa ping-pong tangu 2007. Transposoni ikizidisha fujo na silaha zinazidi, yaani adui mwenyewe ndo malighafi!

Ila ping-pong inasubiri RNA iwe imeshatengenezwa, Piwi anawahi mlangoni. Na kwenye seli za mwili zinazozunguka yai ping-pong haipo, Piwi anapambana na transposoni iitwayo gypsy akitegemea klasta ya flamenco. Mi ningelazimishwa ningechagua Piwi, japo bila Aub jike anataga mayai yasiyoanguliwa.