Mbio za Las Vegas 2023: tulitolewa jukwaani magari yakiwa hayajarudi

Tiketi ya mbio za magari za langalanga (Formula 1) za Las Vegas sinunui tena. Ukiniuliza kisa, nitakutajia kifuniko kimoja cha chuma na mlinzi mmoja mwenye tochi.

Mbio hizi zilipotangazwa 2022 niliwatetea waandaaji kwa kila aliyenisikiliza. Miti ilikatwa mbele ya chemchemi za Bellagio ili majukwaa yapate nafasi, wenyeji wakachoshwa na foleni huku barabara ikichimbwa na kumwagwa lami upya. Mimi nilichotaka ni kuiona langalanga imerudi mji ule, maana mara ya mwisho ilikuwa 1982, kwenye maegesho ya hoteli ya Caesars Palace. Tena safari hii wenye mchezo wenyewe ndio walioandaa. Nikaamini kila kitu kitakaa sawa.

Mazoezi ya kwanza yalianza Alhamisi saa mbili unusu usiku. Hazikupita hata dakika kumi, Ferrari ya Carlos Sainz ikapita juu ya kifuniko cha bomba la maji kilichong'oka barabarani. Gari lilipasuliwa chini, injini na betri zikaharibika. Esteban Ocon naye alikikanyaga, gari lake likawa halifai. Mazoezi yakafutwa, mafundi wakaanza kuzunguka kukagua vifuniko vyote na kuvizibia. Barabara mnaichimba miezi yote hiyo, na kitu cha kwanza cha kuhakikisha mnakisahau?

Sisi tulikaa. Baridi ya jangwa usiku haina huruma, lakini tulikaa, kwa sababu tuliambiwa kuna mazoezi ya pili. Saa sita ikapita. Halafu, kama saa saba na nusu hivi, walinzi wakaanza kupanda ngazi za jukwaa wakituambia tuondoke. Aliyekuja kwenye safu yetu alikuwa ananimulika tochi usoni. Nikamuuliza kwa heshima kabisa, magari si yanakuja? Akanijibu, "Yanakuja, ila si kwa ajili yako. Simama." Nyuma yangu kulikuwa na mzee aliyejifunika blanketi, akiinuka polepole kwa sababu ya magoti. Yule mlinzi akampigia makofi mawili ya kumharakisha. Mzee wa watu! Jambo hilo sijalisamehe mpaka leo.

Saa nane unusu magari yakatoka, yakakimbia dakika 90, mpaka saa kumi alfajiri, mbele ya majukwaa matupu. Nilikuwa nayasikia nikiwa natafuta njia ya kurudi nilikofikia.

Kesho yake tukapewa maelezo marefu ya usalama na uchovu wa wafanyakazi. Neno "samahani" halikuwemo. Wenye tiketi ya Alhamisi peke yake wakapewa vocha ya dola 200, ya kutumia kwenye duka lao wenyewe. Sisi wa tiketi ya siku tatu hatukupewa kitu. Kuna mashabiki walikwenda mahakamani, na nawaunga mkono kwa moyo wote.

Sainz naye alionewa zaidi yetu. Betri imeharibiwa na barabara yao, halafu yeye ndiye anaadhibiwa kwa kuweka mpya, aanze mbio nafasi kumi nyuma! Alishika nafasi ya pili kwenye kufuzu, yaani majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, akaanzia ya 12. Wasimamizi wa kanuni wenyewe walikiri kwamba wangeweza wangemsamehe, ila kanuni haikuwaruhusu.

Ila haki lazima isemwe. Mbio zenyewe, Jumamosi usiku, zilikuwa tamu. Max Verstappen, aliyezikejeli wiki nzima kuwa ni maonyesho kuliko mchezo, ndiye aliyeshinda, na alipigania ushindi huo kwelikweli. Na Leclerc alivyompita Pérez mzunguko wa mwisho kuchukua nafasi ya pili, jukwaa zima lilisimama, nami nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Zile breki za mwisho wa barabara kuu, gari likitoka kwenye mwendo wa kutisha kuingia kona kali, televisheni haikuonyeshi hata nusu yake.

Kwa hiyo nilichosema mwanzo nakipunguza kidogo. Ya Jumamosi peke yake, ikipatikana, ningenunua hata kesho. Ya siku tatu usiiguse mpaka waandike kwenye tiketi yenyewe watakurudishia nini mazoezi yakifutwa, na wasiandike vocha ya duka.