Fokacha ya Kololo: juu safi, ndani bado

Fokacha ni mkate bapa wa Kiitaliano; ile ya mji wa Genova huwa na unene wa sentimita 2 hivi. Donge la unga hubonyezwa vishimo kwa vidole, kisha humiminiwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na mafuta ya zeituni kabla ya kuokwa. Hapo duka hili la mikate la Kololo, Kampala, limefanya kazi ya kupendeza kweli: vishimo vimebaki vyeupe na vyenye unyevu, huku ukoko ukiwa wa dhahabu na chini pamekauka.

Kasoro iko ndani. Mkate umeshikana na matundu ni madogo mno, dalili ya donge lenye maji machache. Kwa kilo 1 ya unga, gramu 700 za maji zingefaa, na donge lipumzike kwenye trei mpaka liumuke vizuri. Likibonyezwa mapema, linajivuta na kurudi.

Nunua asubuhi. Usiiweke kwenye friji, itakakamaa upesi; ipashe kwenye kikaango kikavu juu ya sigiri. Ipasue, weka parachichi na nyanya. Genova huichovya kwenye kahawa ya maziwa, na chai yetu ya maziwa inaifaa vilevile.