Miezi minne na saundiba: sasa natazama filamu bila kumwamsha mama

Kabla sijanunua saundiba, ile spika ndefu inayokaa mbele ya TV, rimoti ya TV yangu ilikuwa imelika vitufe vya sauti tu. Vya chaneli viko kama vipya. Mama analala chumba kinachopakana na sebule, na mimi hupata nafasi ya kutazama filamu usiku nikishatoka kazini. Waigizaji wakiongea naweka 34 na maneno bado yananipita. Gari likilipuka nashuka haraka hadi 12. Nikirudi kwenye king'amuzi, tangazo la sabuni linaingia na 34 ile ile. Usiku mmoja mama alitoka chumbani anatetemeka, akidhani tumevamiwa. Hilo liliniuma sana.

Niliamini TV ni mbovu. Fundi akanielewesha kwamba kila chanzo huleta sauti kwa kipimo chake. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulipendekeza mwaka 2010 wastani wa LUFS hasi 23 kwa vipindi vya TV; LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na namba ya hasi ikizidi sauti inakuwa ndogo. Netflix inawataka watayarishaji waweke mazungumzo kwenye hasi 27. Marekani, tangu Desemba 2012, tangazo la TV haliruhusiwi kuzidi wastani wa sauti ya kipindi, ila sheria ile iliandikiwa vituo vya TV na kebo, video za intaneti hazikuguswa. Ukihama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine, mrekebishaji ni kidole chako.

Tena filamu nyingi hutengenezwa kwa spika sita, na maneno hukaa zaidi kwenye ile ya katikati. TV yangu ina mbili, zimetazama chini. Maneno, muziki na milipuko vyote vinasongamana humo.

Saundiba niliichukua Kariakoo kwa laki mbili na ishirini. Nilichagua yenye spika ya katikati, na sijutii hata shilingi. Ina kitufe cha kukuza sauti za watu na kingine cha hali ya usiku, kinachobana milipuko na kuinua minong'ono. Filamu nzima naimaliza kwenye 18. Juzi mhusika alimnong'oneza mwenzake mlangoni huku mvua inanyesha, nikasikia kila neno, hata kitasa kilipozungushwa.

Kwenye mpira, izimeni hali ya usiku. Mtangazaji akinyamaza kuvuta pumzi, kelele za uwanja zinapanda kama wimbi, akianza tena zinazama ghafla. Dakika ishirini tu kichwa kinauma. Taarabu nayo inapoteza uhai, magoma na kinanda vinakuwa na uzito mmoja.

Kwa asiye na hela ya saundiba, jaribu kwanza haya niliyoelekezwa na fundi: kwenye programu ya filamu chagua sauti ya stereo (ya spika mbili) badala ya 5.1 (ile ya spika sita), kisha kwenye mipangilio ya TV washa ile inayosawazisha sauti yenyewe. Kwangu hayo peke yake yalipunguza tatizo karibu nusu, na ni bure. Natamani muuzaji wa TV angeniambia siku ileile.

Kasoro moja inanikera: umeme ukikatika, saundiba inasahau kila kitu na kurudi kwenye sauti ya kiwandani, ambayo ni kubwa. Mtaani kwetu umeme unakatika mara kwa mara. Kwa hiyo umeme ukirudi usiku, kabla sijawasha taa naitafuta rimoti gizani, nabonyeza hali ya usiku, ndipo nawasha TV.