Uzoefu wangu na injini inayojizima kwenye foleni: ubaya ulikuwa kwenye betri

Nilitaka kuandika kwamba mfumo wa injini kujizima na kujiwasha ni upuuzi mtupu, na zipo siku bado naona hivyo. Lakini hasira yangu kubwa si ya gari. Ni ya fundi aliyefunga betri ya kawaida kwenye gari lenye mfumo huu. Nilipomuuliza mbona si aina ile iliyotoka, akajibu bila hata kuinua kichwa: "Bosi, betri ni betri. Volti 12 ni volti 12." Si kweli, na fundi anayeshika magari ya siku hizi hana udhuru wa kutolijua hilo.

Betri ya kawaida kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, stata izunguke, kisha ijazwe na altaneta na ikae imejaa. Kwenye gari la kujizima stata hupigwa mara nyingi ndani ya safari moja ya mjini, na kila injini inaponyamaza, taa, redio, feni na kompyuta zote huinyonya betri peke yake. Ya kawaida haihimili hayo. Unga wa risasi ulioshikiliwa kwenye pleti hulegea na kudondoka, na kwa kuwa haijai mpaka mwisho, salfa huganda juu ya pleti. Ndiyo maana kiwandani huwekwa AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya pleti, au EFB, ambayo ni betri ya maji iliyoimarishwa. Ilikotoka AGM hurudi AGM. Ilikotoka EFB rudisha EFB. Kupanda kwenda AGM inawezekana, ila si pale betri inapokaa kando ya injini yenye joto kali, kwa sababu joto huiua AGM mapema.

Haukupita muda mrefu. Siku moja kwenye taa injini ikazima vizuri kabisa, mguu ukatoka kwenye breki, na badala ya kuwaka nikasikia relei inagonga ta-ta-ta-ta, dashibodi inafifia na kurudi, mshale wa mafuta unashuka na kupanda. Gari halikuwaka tena mpaka lilipobustiwa. Fundi yuleyule akasema stata imekufa. Stata ilikuwa nzima!

Kilichotokea kinaelezeka. Kwenye nguzo hasi ya betri kuna sensa ndogo inayopima mkondo, volti na joto, na kompyuta hutumia vipimo hivyo kukisia betri ina chaji kiasi gani na kama itaweza kuwasha tena. Katika magari mengi, ukibadilisha betri lazima uiandikishe kwa mashine: aina yake, ampea-saa zake (kipimo cha chaji inayobeba), na kwamba ni mpya. Isipoandikishwa, kompyuta inaendelea kuhesabu kwa taarifa za betri iliyotupwa. Kwa hiyo inaizima injini ikiamini kuna nguvu ambayo haipo. Kazi ya kuandikisha ni ya dakika chache. Hakuifanya, na alipoulizwa alisema hayo ni mambo ya wenye gari kutishwa na kampuni.

Hata kubusti kwake kulikuwa kubaya. Waya hasi haufungwi kwenye nguzo ya betri. Hufungwa kwenye chuma cha bodi au sehemu iliyotengwa na mtengenezaji, ili mkondo upite kwenye sensa. Ukichaji moja kwa moja kwenye nguzo, chaji inaingia lakini kompyuta haioni kitu.

Sasa, baada ya kufungwa AGM ya kweli na kuandikishwa, lazima niutendee haki mfumo wenyewe. Wanaosema unaua stata hawajaifungua: stata ya magari haya imejengwa kwa idadi kubwa zaidi ya miwasho, na beringi za krenki kwenye injini nyingi hupakwa tabaka la kupunguza msuguano wakati oili haijapanda presha. Tena unajua kukataa. Injini ikiwa baridi, betri ikiwa chini, kiyoyozi kikihitaji nguvu, usukani ukiwa umekatwa kona, au chujio la moshi wa dizeli likiwa linachoma masizi, hauzimi. Ukiona umeacha kuzima kwa wiki nzima, usishangilie. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha chochote. AGM iliyojaa husoma volti 12.8 hivi. Chini ya 12.4, umepata jibu lako.

Mafuta unaokoa, lakini si popote. Injini ndogo ikinguruma bila kwenda hula kama nusu lita mpaka lita moja kwa saa, kwa hiyo kusimama kirefu kwenye taa kuna faida. Kusimama kwa sekunde chache tu hakuna faida ya maana. Kwenye foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, kanyaga breki kwa wepesi: gari nyingi za otomatiki hazizimi mpaka pedali ishuke zaidi. Hiyo inafaa kuliko kuwinda kitufe cha kuuzima mfumo.

Na hicho kitufe ndicho kinanirudisha kwenye hasira. Chenye herufi A ndani ya mshale wa duara. Unazima mfumo, ukizima gari na kuwasha tena umerudi. Watengenezaji wanataka hivyo kwa sababu gari hupimwa moshi mfumo ukiwa unafanya kazi. Dereva aliyekwama juani, kompresa ya kiyoyozi imesimama pamoja na injini na hewa inaanza kutoka ya moto, hakufikiriwa. Kwa hilo naupunguzia alama, nikiwa nimetoka kuusifu.

Kama gari lako si la kubahatisha, kabla ya kulipa taka kuona mashine ikionyesha betri mpya imeandikishwa. Na risiti itaje aina, AGM au EFB, pamoja na ampea-saa, kabla boneti haijafungwa.